Pipa Lisisogezwe

Mpima alifika saa mbili asubuhi na ramani, utepe na kopo la rangi nyekundu, na macho ya watu yote yakaenda kwenye kopo. Mtaa ulikuwa umeshalizoea. Rangi hiyo ikishapita kwenye ukuta wako, hesabu kwamba sehemu hiyo ya nyumba ni barabara. Ng'ambo ya njia, kinyozi alikuwa amekatiwa kibaraza na muuza magodoro amekatiwa nusu ya duka. Bandu bandu huisha gogo. Sasa zamu ilikuwa ya nyumba ya bati iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa, nyumba ya Mama Cherehani.

Mpima alipima, akapima tena, akaingia chumba cha mbele bila kuvua kofia. Akainama na kuchora mstari wa chaki sakafuni. Mstari ulianzia chini ya dirisha, ukapita chini ya meza ya kukatia vitambaa, ukatokea miguuni pa cherehani yenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema alipomaliza, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Marahaba, mwanangu. Hapo ulipochora ndipo ninapokaa."

"Naona, mama. Lakini ramani inasema kiwanja chako kina urefu wa mita ishirini na nne, basi. Mawe ya mpaka ya mbele yalizolewa na katapila. Jiwe la nyuma silioni. Kwa hiyo nimeanzia kwenye ukuta wa nyuma, nikaja mbele. Mita ishirini na nne zinaishia hapa."

"Ukuta wa nyuma si wangu. Ni wa huyo mwenye ghorofa."

"Ndiyo uliopo, mama. Ukiniletea jiwe, nitapima kutoka kwenye jiwe. Jiwe halibishani na mtu." Akatazama saa yake. "Hii ni chaki. Saa kumi jioni nakuja na rangi."

Mama Cherehani aliweka mguu kwenye pedeli akaendelea kupinda sketi ya shule, na sindano ikawa inapanda na kushuka hatua moja tu kutoka kwenye chaki. Chumba hicho, chenye mlango wake unaofunguka barabarani, ndicho kilichosomesha watoto watatu na kumzika baba yao kwa heshima. Kikikatwa, atashonea wapi? Chumbani kwa kulala, ambako hakuna mteja atakayebisha hodi?

Kitinda, binti wa mwisho, ndiye aliyebaki kuishi na mama yake. Alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Aliutoa, akatema, akachukua simu.

"Dada, njoo. Mwambie na Kaka. Ndiyo, leo. Ndiyo, sasa hivi!"

*

Kufikia saa nne walikuwa wametimia. Dada Mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuwa amemwachia mwenzake darasa na bado ana chaki kwenye vidole. Kaka, fundi bomba, alikuja na pikipiki yenye sururu, mtaimbo na jembe vimefungwa nyuma.

"Nimeacha choo cha mtu wazi," alitangaza. "Kwa hiyo tufanye haraka. Jiwe liko wapi?"

"Si lile la Kiti cha Enzi?" Dada aliuliza, na uso ukamchangamka kama wa msichana.

"Lilelile!"

Wakaangaliana, wakaangua kicheko. Mtu angedhani wameitwa harusini. Kiti cha Enzi lilikuwa jiwe la zege, kubwa kiasi cha kukalia mtoto mmoja, na katikati yake palichomoza kipande cha nondo kilichowakumbusha wafalme kwamba utawala una machungu yake. Aliyewahi kulikalia asubuhi alikuwa mfalme wa siku hiyo, na wengine walimtekea maji kwenye bomba la Bi Ndoo, jirani wa nyuma. Bi Ndoo ndiye aliyekuwa na bomba pekee mtaa mzima, na ndoo zilipangwa foleni kwake tangu alfajiri.

"Lilikuwa karibu na mpera," Dada alisema. "Nakumbuka nilikuwa nakaa pale nakula mapera."

"Mpera uko wapi?"

Dada alitazama huku na huku. Pale alipodhani ni mpera palikuwa na bomba nene la maji machafu ya ghorofa.

"Basi lilikuwa mkabala na dirisha la Bi Ndoo. Lile la bluu."

"Na dirisha la bluu liko wapi?"

Dirisha la bluu lilikuwa limekwenda na nyumba yake. Bi Ndoo aliuza akahamia kwa mwanawe, akafia huko, na pale alipokuwa akioshea vyombo palisimama ghorofa tano zenye vioo. Hata uwanja walipokuwa wakichezea mpira ulikuwa kituo cha mafuta. Kila alama waliyoitaja ilikuwa imekufa, imeuzwa au imejengewa juu, lakini jambo hilo, badala ya kuwahuzunisha, liliwapandisha mori. Walizungumza wote kwa pamoja. Unamkumbuka yule mbwa? Unakumbuka ulivyodumbukia shimoni? Si mimi, ni wewe!

"Jamani, jiwe," Kitinda alisema.

Walichimba pa Dada kwanza, wakapata kijiko na nusu ya kiatu. Dada akakiinua kiatu juu. "Changu! Nilichapwa kwa ajili ya kiatu hiki, kumbe kilikuwa hapa!" Walichimba shimo la pili wakapata mizizi ya mpera, na Dada akacheza peke yake kwa furaha ya kuwa hakukosea sana. Kinyozi alivuka barabara akiwa bado na kitana mkononi, muuza magodoro naye akaja, kila mmoja na ushauri wake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na uani palikuwa na ngoma tano.

"Mama," Dada aliita dirishani, "wewe unakumbuka lilipokuwa?"

"Nakumbuka mengi," Mama alijibu bila kuinua macho. "Kunyweni maji kwanza. Jua kali."

Na mimi niseme ukweli mapema nisije nikalaumiwa baadaye: Mama alijua. Alijua lilipo jiwe kama anavyojua ilipo pete yake. Alinyamaza kwa sababu yake, na sababu ilimkaa kifuani tangu mstari wa chaki ulipochorwa.

*

Saa saba Kaka alishika kichwa, akapiga kelele.

"Hatua! Nilikuwa nahesabu hatua! Kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye Kiti cha Enzi ni hatua kumi na mbili. Nilihesabu kila asubuhi nikikimbia ili Dada asiniwahi."

Akasimama mlango wa nyuma, akaanza. Moja, mbili, tatu, akiinua magoti kama askari wa gwaride, huku watu wakihesabu pamoja naye. Alikatiza uani, akapita ubavuni mwa jiko, lile jiko dogo la matofali lililojengwa mwisho wa kiwanja, na hatua ya tisa ikampeleka pua kwa pua na ukuta wa Mwenye Ghorofa.

"Bado tatu," alisema akihema. "Liko kwake!"

Wakazunguka mbio hadi lango la ghorofa. Mlinzi akawaambia wasubiri. Wakasubiri juani, na udongo wao magotini, robo saa nzima, huku magari mawili yakifunguliwa lango na kupita. Hatimaye Mwenye Ghorofa akatoka, mtu mzima mwenye shati jeupe, anapangusa mikono kwa leso.

"Nivunje sakafu ya kuegeshea magari," alisema taratibu baada ya kuwasikiliza, "kutafuta jiwe mlilokuwa mkichezea?"

"Tutarudishia saruji, mzee. Mimi ni fundi."

"Fundi wa vyoo." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. "Mara ngapi nimemwambia mama yenu aniuzie, aondoke na heshima yake? Sasa mnaona. Mtabaki na nyumba isiyo na uso."

Kaka alipiga hatua mbele. Dada akamshika mkono. Mpima, aliyekuwa akipima duka la jirani, alikuwa amesogea kusikiliza, akaanza kucheka peke yake.

"Fundi, hebu ngoja. Unajua unachotafuta?" Akafungua utepe kidogo. "Kiwanja ni kama mkeka. Urefu wake haubadiliki. Ukiuvuta nyuma, mbele panabaki wazi. Jiwe likiwa huku kwa mzee, basi mkeka wako unarudi nyuma, na chumba cha mama kinakwenda chote, na cha kulala kinafuata. Omba jiwe liwe mbele ya ukuta huu. Kila mita likija mbele, na nyumba inapata mita moja mbele."

"Mungu wangu," Kaka alisema. "Kumbe nilikuwa nabomoa kwetu kwa mdomo!"

Hata mlinzi alicheka. Kaka peke yake ndiye hakucheka, na saa ilikuwa saa nane na nusu.

*

Walirudi uani wakakaa kwenye ukingo wa shimo la pili. Ghafla Dada alisimama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Lini?"

"Ulipokuwa unahesabu hatua."

"Saba. Nane labda."

"Na miguu hiyo ulikuwa nayo?"

Kaka alitazama miguu yake, mirefu, yenye buti za kazi namba arobaini na nne. Kisha akatazama juu mdomo wazi. "Dada! Wewe ni mwalimu kweli!"

Alivua buti. Akakunja magoti, mtu mzima mwenye kitambi, akawa mfupi kama alivyokuwa, akaanza upya kutoka mlango wa nyuma kwa hatua za mtoto. Kinyozi alicheka hadi akakaa chini. Moja, mbili, tatu. Safari hii alikwenda moja kwa moja, bila kukwepa kitu. Hatua ya tisa ilimfikisha kwenye mlango wa jiko. Ya kumi ikamwingiza ndani. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ikamgonganisha na pipa la maji.

Akainuka, akaligonga pipa kwa kiganja.

"Mimi," Kitinda alisema polepole nyuma yao, "hilo jiwe sijawahi kuliona. Mnalisifia tangu asubuhi, na mimi nimezaliwa humu. Sijawahi kulikalia. Nilidhani mnanitania."

Dada alimgeukia. "Jiko lilijengwa lini?"

"Wiki niliyozaliwa mimi, ninyi mkiwa mmepelekwa kwa bibi. Mama husema hivyo kila siku."

Hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Kaka alilikumbatia pipa, Dada akashika upande wa pili, na Kitinda akainama kusukuma kwa bega.

"Pipa lisisogezwe!"

Wote watatu waliachia mikono kwa mpigo. Waliisikia amri hiyo tangu utotoni. Palikuwa na sheria nyingi katika nyumba ile na nyingi zilivunjwa, lakini hiyo haikuwahi. Unafagia, unalizunguka pipa. Unapaka chokaa, unalizunguka pipa. Mara moja Kaka alilisogeza kidogo kutafuta gololi na kuchapwa kwake hakujasahaulika hadi leo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, futikamba yake ya kushonea ikining'inia shingoni.

"Liko hapo," alisema. "Baba yenu aliliacha hapo. Sasa tokeni."

"Mama!" Kaka alipaza sauti. "Tumechimba tangu asubuhi! Mama, chumba chako!"

"Chumba changu ni changu mimi. Jina ni la baba yenu." Akakaa kwenye kigoda, na sauti ikashuka. "Jiwe ndilo mpaka. Mmeelewa? Nusu ya jiko hili iko nyuma ya jiwe. Si yetu. Haikuwahi kuwa yetu."

Akawaeleza. Kitinda alizaliwa wakati wa mvua. Mama alikuwa akipikia nje chini ya kipande cha bati, mtoto mchanga mgongoni, na maji yakimtiririkia. Bi Ndoo aliona kupitia dirisha lake la bluu. Akatoka, akamwambia baba yao, ambaye alikuwa mwashi: Sogeza ua wako, ingia kwangu mita mbili, umjengee mkeo jiko, mtoto asinyeshewe. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Kutoa ni moyo.

"Bi Ndoo akasema akiitaka ataomba. Hakuomba hadi alipouza. Na huyu bwana aliponunua akaufuata ua alioukuta, akajenga ukuta wake. Baba yenu akataka kwenda kumwambia. Akaugua." Mama alipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Leo nikifunua, mtaa utasemaje? Mwashi aliiba ardhi ya jirani, akaficha jiwe chini ya pipa. Hata kujitetea hawezi. Bora nikatwe chumba."

Hapo furaha yote ya asubuhi ilitua chini. Dada alitazama sakafu. Kaka aliziendea buti zake akaanza kuzivaa. Nje, kengele ya shule ililia, na hiyo ilikuwa saa tisa na nusu.

Kitinda ndiye aliyesema, na alisema akiwa ameangalia chini ya pipa, kwenye ukingo mwembamba wa mraba uliochorwa kwenye sakafu.

"Mama, hapa pana mfuniko."

"Najua."

"Baba alikuwa mwashi. Angetaka kuiba, angemwaga zege juu ya jiwe, mchezo ukaisha. Nani angelipata? Mtu anayeficha haweki mfuniko."

Mama aliinama kutoka kwenye kigoda, akaupitishia kidole ukingo ule. Alikuwa ameishi na pipa lile miaka ishirini na sita, na kwa hofu yake hakuwahi kuinama akaona jambo hilo. Akasimama.

"Sogezeni," alisema.

*

Walilisogeza maji yakiruka, Mama mwenyewe akisukuma. Kaka akachomeka mtaimbo kwenye ukingo wa mfuniko. "Moja, mbili..." Mfuniko ulitoka na mlio mkavu, akaugeuza ukalala kifudifudi, na chini yake, safi kama siku lilipofunikwa, lilikaa Kiti cha Enzi na nondo yake.

"Ndilo!" Dada alipiga kelele, akapiga magoti akalishika. "Jamani, ndilo! Mbona dogo hivi?"

Kelele zile zilimleta Mpima mbio, kopo mkononi, na nyuma yake Mwenye Ghorofa, kinyozi, muuza magodoro na nusu ya mtaa. Jiko likajaa. Mpima aliinama juu ya jiwe, akafuta vumbi, akaisoma namba iliyochongwa, akailinganisha na ramani. "Lenyewe," alisema. Kisha macho yake yakahamia pembeni, kwenye mfuniko uliogeuzwa. "Na hii nini?"

Upande wa chini wa mfuniko ulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa ncha ya mwiko wakati saruji bado mbichi. Mpima akayasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma hati:

"Hapa ndipo mpaka. Nyuma ya jiwe ni kwa Bi Ndoo, ameniazima kwa ajili ya mke wangu na mtoto. Siku mwenyewe akitaka, anarudishiwa. Mwashi."

Na chini yake tarehe. Kitinda alikuwa na siku nne.

Mama Cherehani aliweka mikono yote miwili kichwani. Alianza kucheka, na machozi yakamtoka wakati huohuo, na hakujali nani anamtazama. "Aliandika!" alisema. "Aliandika, hakuniambia! Mwanamume yule! Miaka yote nateka maji juu ya barua!"

Mpima hakutaka kupoteza saa yake. Aliweka ncha ya utepe kwenye nondo, Kaka akashika upande wa pili, wakatoka jikoni, wakapita uani, wakapita ukumbini, watu wote wakiwafuata nyuma kama msafara. Wakaingia chumba cha cherehani. Utepe ulivuka mstari wa chaki. Ukaipita meza. Ukaipita cherehani. Ukafika kizingitini na bado ulikuwa unakwenda.

"Ishirini na nne," Mpima alisema, akiwa amechuchumaa nje. "Ngazi ya mlangoni inakwenda. Chumba kinabaki chote."

Sina namna ya kueleza kelele zilizofuata. Muuza magodoro, ambaye duka lake lilikuwa limekwisha kukatwa na hana cha kushangilia, alishangilia kuliko wote. Dada aliufuta mstari wa chaki kwa kiganja, kisha kwa kisigino, kisha akachota maji akausugua kabisa.

Mwenye Ghorofa peke yake alikuwa amebaki jikoni. Mama alimkuta ameinama juu ya mfuniko, leso mkononi, anayasoma maneno yale tena.

"Kwa hiyo mita mbili hizi..." alianza.

"Ni zako. Ulizinunua kwa Bi Ndoo bila kujua."

"Mama, mimi sina haraka nazo. Hata mwakani..." Alikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza mtaani hapo kuonekana hajui aweke wapi mikono yake. "Endelea kupika tu."

"Ahsante, baba. Lakini imeandikwa anarudishiwa." Mama akageuka. "Nani ana nyundo?"

Kaka akampa nyundo ya baba, ile ya mpini wa zamani. Mama aliupiga ukuta wa nyuma wa jiko, pigo moja dogo la fundi cherehani, na chokaa ikadondoka kidogo. Wakacheka. Akapiga tena, tofali likatikisika, na Kaka akamwomba nyundo kwa heshima kabla hajajiumiza.

Walipofika nusu ya ukuta, Dada na Kitinda walilibeba pipa kuliingiza ndani, maji yakiwalowesha miguu. Ukumbini wakasimama, wakihema. Kona moja ilikuwa na kabati, nyingine ina mlango.

"Mama!" Kitinda aliita. "Pipa tuliweke wapi?"

Mama Cherehani alikuwa amekwisha kukaa kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedeli, sketi ya shule mbele yake, na mlango wa barabarani wazi.

"Wekeni popote," alisema. "Likiwakera, mtalisogeza."